Mbuzi Niliyemchinjia Ereng

Mchungaji, wazee wa Kataboi na wa Lodwar, majirani, madereva mliofanya kazi na marehemu, na nyinyi wageni mliofika asubuhi hii kutoka kambi ya Kakuma mkaketi kule nyuma karibu na lango, ejok, hamjambo, na poleni kwa safari. Mimi ni Ekai, kaka mkubwa wa marehemu, nimepewa kazi ya kusoma historia yake, kazi ambayo sikuiomba.

Marehemu Ereng alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 huko Kataboi, mtoto wa tano na kitindamimba wa mama yetu. Alisoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1989 hadi 1997, akaingia sekondari hapa Lodwar mwaka 1998, akaacha kidato cha pili baada ya ukame kumaliza mifugo ya baba, na kwa kuwa alipenda magari kuliko vitabu, nasema ukweli, hakulia sana.

Mwaka 2001 alianza kazi ya utingo, mwaka 2006 akapata leseni, akaendesha lori la mizigo kati ya Lodwar, Kakuma, Lokichoggio na mpaka wa Nadapal kwa miaka kumi bila kuangusha gari hata siku moja, na kila akipita hapa nyumbani alipiga honi mara tatu, mama akajua mwanawe yu mzima. Tarehe 20 Desemba 2008 alifunga ndoa kanisani na Jessica, wakajaliwa watoto watatu, Akoru, Erupe na Amuria, ambao mnawaona hapa mbele.

Sasa nimefika mahali ambapo kamati ya mazishi iliniomba niruke, nitoke mwaka 2016 niangukie 2019 kama mtu anayeruka lagga, korongo la mto mkavu, nami nilikubali, na hata karatasi hii niliiandika hivyo, lakini jambo lililotokea langoni leo limenizuia.

Mwishoni mwa Mei 2016 Ereng aligombana na marehemu Atem, mfanyabiashara wa kambini Kakuma, juu ya magunia ya sukari yaliyolowa ndani ya lori, akamwambia mbele za watu, "Utaona," nami nilikuwepo, nilimsikia kwa masikio yangu. Tarehe 3 Juni, jioni, Atem aliuawa nyuma ya duka lake, na tarehe 9 Juni ndugu yangu akakamatwa, akakaa rumande miaka mitatu na miezi mitano.

Ijumaa tarehe 22 Novemba 2019, jaji wa Mahakama Kuu hapa Lodwar alisoma hukumu yake, akasema shahidi wa pekee alimwona mtu kwa mbali tu, akasema daftari la kizuizi cha Nadapal lina sahihi ya Ereng ya jioni ileile, zaidi ya kilomita mia moja kutoka kwenye duka la Atem, kisha akasema mshtakiwa hana hatia na aachiliwe huru. Neno hilo lilipofika sokoni lilikuwa limeshakuwa jingine, huyu akisema ameponea, yule akisema ushahidi ulikosekana, na wengi wakisema lisemwalo lipo. Mimi nilimfuata karani nikamuuliza kama hana hatia maana yake ni kwamba hakufanya, akanijibu kwamba kazi ya mahakama si kusema nani mwema, ila kupima kama mashtaka yamethibitishwa, na yasipothibitishwa mtu huyo mbele ya sheria ni sawa na mimi na yeye. Nusu ya kwanza ya jibu lake niliibeba nyumbani, nusu ya pili nikaiacha palepale kwenye ngazi za mahakama.

Kesho yake nilichinja mbuzi. Waturkana wenzangu mnajua kwamba mavi ya tumboni mwa mbuzi hupakwa mtu kumbariki anaporudi kutoka mbali, na mnajua pia kwamba kuna kupakwa kwingine, kwa mtu aliyemwaga damu, ambaye huketishwa nje ya boma na hanywi katika kibuyu cha wenzake mpaka aoshwe. Nilichagua huko kwa pili, kwa sababu lile "utaona" lilikuwa bado masikioni mwangu, na niliogopa damu ya Atem isije ikaingia kwa watoto. Ereng alivua shati, akaketi nje ya boma lake mwenyewe, akasema tu, "Pakeni, kama itawafanya mlale." Majirani waliona, na kufikia Jumatatu Kakuma nzima ilijua kwamba mahakama imemwachilia lakini ndugu zake wamemwosha, na ndugu ndio wanaojua.

Tangu siku hiyo hakuna mwenye lori aliyempa kazi, watoto waliitwa shuleni watoto wa yule aliyeachiliwa, na yeye alihamisha kitanda mbali na dirisha, akashtuka kila gari lilipopunguza mwendo barabarani. Mwaka 2022 alipatikana na presha, mwaka jana figo zikaanza kushindwa, na siku mbili kabla hajafa alinipa nakala ya hukumu aliyotembea nayo ndani ya mfuko wa plastiki, akaniomba nimsomee pale mwisho tu. Nilimwambia nitamsomea akipona. Alifariki hospitalini hapa Lodwar tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na mitatu.

Leo langoni nilimkuta Adut, mjane wa Atem, akanishika mkono, akasema, "Mzee Ekai, mimi nakuja kulia tu, sina vita. Lakini leo mimi nataka kusikia nyinyi wa nyumbani nasema nini." Mama Adut, jaji alisema, soko likasema, mbuzi wangu akasema, lakini mimi mwenyewe sijawahi kusema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliotuletea maji na kuni, madereva mliochimba kaburi, na wageni wa Kakuma mliokuja mahali ambapo mngeweza kukataa kuja.

Ereng, mdogo wangu, jioni ile ulikuwa Nadapal kama daftari lilivyosema, hukumuua Atem, na mimi ndiye niliyekuketisha nje ya boma. Nakusomea pale mwisho, mbele ya watoto wako na mbele ya Adut, kwa kuchelewa miaka mitano: huna hatia. Ingia ndani sasa, upumzike.