Udongo wa Bahari ya Barafu

Mwaka ule reli ya Mdachi ilipofika Dodoma, kijiwe cha Zaidi kilikuwa mataruma mawili ya chuma, yale yanayobeba reli, yaliyolazwa juu ya mawe, ng'ambo ya stesheni. Boma lilikuwa limetangaza kwamba mataruma hayo yamepotea, na kila alasiri watumishi wa boma waliyakalia, wakanywa kahawa na kujadili mwizi anaweza kuwa nani. Zaidi, muuza kahawa, mtu mzima aliyekuja na misafara ya biashara akabaki, aliwamiminia bila kuchangia mazungumzo. Siku hiyo alimimina huku akitazama stesheni. Mbele yao, kwenye jukwaa la stesheni, yalipangwa masanduku ya matope ambayo Daktari mmoja wa Kidachi aliyachimba kwa bomba refu katika bwawa la Bahi. Mbaruku tarishi, ambaye kijiwe kilimwita Serikali, ndiye aliyemwongoza huko. Alikuwa ametumwa na Zaidi amwulize Daktari swali moja, na sasa amerudi, lakini alikuwa akipuliza kahawa iliyokwisha kupoa.

— Masanduku yamekwama, alisema Serikali. Karani amefungua kitabu cha ushuru. Pembe imo, nta imo, hata manyoya ya mbuni yamo. Matope hayamo. Na kisichokuwamo hakipandi gari. Wameuliza Dar es Salaam.

— Hayo si matope, alisema Makame, mpakia mizigo, aliyeitwa Vagoni kwa upana wa mgongo wake. Ni dhahabu mbichi. Mtu na akili zake hawezi kutoka Ulaya akafuata tope la Bahi.

— Dhahabu inayonuka kambare? aliuliza Yoramu, kijana wa misheni. Huyo walimwita Ramani, kwa sababu aliwahi kuona moja, naye akaendelea: Yule anachunguza matabaka. Tope la masika hii hulala juu ya tope la masika iliyopita. Ukilikata wima, unasoma mvua za babu yako.

— Basi nimeelewa, alisema Vagoni. Ni mambo ya kodi. Wanatafuta mwaka ambao babu zetu walivuna wakasema hawakuvuna.

Walicheka. Zaidi hakucheka.

— Bahi ni kidogo, alisema Serikali, akionekana kufurahi kwamba mazungumzo yamempa njia ya kupitia. Huyu ameshafanya hivi huko mwisho wa dunia, kwenye bahari ya barafu. Meli imebanwa, wanatoboa barafu, wanateremsha bomba kwa kamba mpaka chini kabisa. Karibu na nchi kavu, anasema, sakafu ya bahari ni uwanda mpana kama huu wetu, halafu ndipo unakuja mteremko. Barafu inakwaruza milima, inasaga mawe yakawa unga, inakwenda kuumwaga pale. Yeye anapima umerundikana kiasi gani. Mwakani anarudi huko na meli mpya.

— Ndiyo hiyo, alisema Vagoni. Kaisari anangoja bahari ijae tope apitishe reli. Na mizigo atapakia nani? Mimi, tena bila viatu.

— Mbaruku, aliita Zaidi.

Jina hilo halikuwa limetumika pale siku nyingi.

Wote waliijua habari. Halfani, mdogo wake Zaidi, aliajiriwa pwani kuwa mchochea makaa kwenye meli ya Wadachi. Kifua kikamshika katika bahari hiyo hiyo ya barafu, akafa, wakamshusha majini. Baharia mwenzake ndiye aliyeleta taarifa. Tangu hapo ndugu zao walikuwa wakimsihi Zaidi asome hitima, naye alikuwa na jibu moja tu: marehemu hajafunikwa udongo, hitima atasomewaje?

— Ulimwuliza?

— Nilimwuliza, Mzee Zaidi.

— Akasemaje?

— Anasema udongo unaanguka. Hauachi kuanguka. Kiangazi, barafu ikiyeyuka, unazidi. Hata mawe yanadondoka, yaliyobebwa na barafu toka nchi kavu.

— Sikukutuma habari za mawe. Udongo umeshamfunika?

Serikali aliweka kikombe chini. Akainua kidole cha shahada.

— Alinionyesha hiki. Upana wake, anasema, ni kazi ya umri mzima wa mtu. Pengine zaidi, pengine pungufu. Wenyewe bado wanabishana.

— Kwa hiyo miaka hii..., alianza Ramani.

— Unene wa ukucha, alisema Zaidi.

Vagoni alifungua mdomo, akaona heri autie kahawa.

Hapo ndipo walipomwona mama mmoja wa Kigogo, Loisi, mwenye kibuyu cha maziwa. Alikuwa mgeni katika biashara ya stesheni na alikuja kuomba mahali pa kukaa. Alikuwa amewaamkia shikamooni na hakuna aliyemsikia, ila yeye aliwasikia.

— Samahani, baba, alimwambia Zaidi. Kwetu ndugu ndiye anayetia udongo wa kwanza, wengine wanafuata. Huko kwa marehemu wako alianza nani?

Zaidi alitazama masanduku. Miaka yote alikuwa akiuliza udongo utafika lini, na hakuwahi kujiuliza ametumwa nani kuupeleka.

Akavua kitambaa cha begani, akachuchumaa. Akachota udongo mwekundu kwa mkono wake, mara tatu kama unavyotiwa kaburini, akaufunga fundo kitambaani.

— Daktari anarudi huko mwakani, umesema. Amtilie huu.

— Anarudi, alisema Serikali. Lakini Mzee, karani... udongo haumo kitabuni.

— Aulize Dar es Salaam. Halfani amezoea kungoja.

Kisha akageuza vikombe kimoja kimoja, akalaza birika.

— Kesho hakuna kahawa.

— Buni imekwisha? aliuliza Vagoni.

— Kesho tunasoma hitima. Mje mmeoga. Wewe, Ramani, na huyu mama, hata kama si Waislamu, mtakaa nami.

Serikali alilipokea fundo kwa mikono miwili, heshima ambayo hakuwahi kuupa mzigo wowote wa boma, akavuka reli kwenda kwa karani.