Hapana Niliyoitafsiri Vibaya

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Bwana, aliyenifungua masikio nikiwa tayari na miaka thelathini na mbili na diploma kabatini. Mchungaji ameniomba niandike ushuhuda huu kwa ajili ya vijana. Ameniambia niandike kwa ufupi na nisijisifu sana. Kwa ufupi nitajaribu.

Walisema mtoto wa mbeba mizigo wa mpakani hatajua Kiingereza zaidi ya kile cha kuombea hela kwa madereva wa malori. Nilipovuka kwenda Lusaka na begi moja, jirani yetu aliniambia, "Wewe Sichone, utarudi hapa kabla betri za redio yangu hazijaisha." Nilikaa miaka saba. Mchana niliosha vyombo hotelini, jioni nilikaa darasani, nikarudi Tunduma na diploma ya lugha na mawasiliano. Wakasema diploma ya Zambia ni karatasi ya kufungia maandazi. Leo nina duka la kopi na uchapaji lenye mashine tatu, na hao hao wanakuja niwajazie fomu. Nawajazia.

Lakini nilikuwa na kazi nyingine ambayo wengi wenu hamkuijua. Nilikuwa natafsiri katuni za Kijapani, zile wenyewe huziita manga. Nilizipata kwa Kiingereza, nikafuta maneno kwenye vile viduara vinavyotoka mdomoni mwa mtu, nikaandika Kiswahili changu humo, kisha nikazituma kwenye kundi la simu. Wasomaji wangu walikuwa zaidi ya mia tatu, karibu wote wasichana na kina dada, kuanzia Vwawa mpaka Dar es Salaam. Hakuna aliyekuwa akifanya Kiswahili kizuri kama changu. Hilo walilisema wao.

Katuni hizo zilikuwa za mapenzi kati ya wanaume wawili, watu wazima, wafanyakazi wa ofisini. Najua baadhi yenu mtasimama hapo na kusema, basi, tumeshaelewa alikookolewa. Ndugu zangu, hamjaelewa. Nimezisoma ukurasa kwa ukurasa na ninajua kilichonidhuru. Zipo za aina hiyo hiyo ambamo mmoja anamuuliza mwenzake na kusubiri jibu. Hizo niliziruka. Niliziona zimepoa. Nilizozichagua ni zile ambamo mmoja ni mrefu, tajiri, mkurugenzi, na mwingine ni mdogo wake kazini. Mkubwa anafunga mlango. Mdogo anasema hapana, analia, anasukuma. Mkubwa hasikii. Kufikia sura ya kumi yule mdogo anampenda sana, na kila kilichotendeka mwanzoni kinaitwa mapenzi makali. Weka humo kijana na binti, weka mume na mke, ubaya ni ule ule.

Na mimi niliuongeza. Kiingereza kilisema, "Hapana, niache." Nikaona neno hilo linaharibu utamu wa hadithi. Nikaandika, "Aa, jamani, wewe nawe." Pale palipoandikwa "Usiniguse," niliweka, "Mh, watu watatuona." Mnaijua ile sitaki-nataka yetu. Kila aliyekataa kwenye katuni zangu alikataa kwa namna hiyo. Wasomaji walituma mioyo kwenye kundi mpaka simu ikapata moto.

Wakati huo nilikuwa na mchumba, Tusekile, binti wa Itumba kule Ileje. Alikuwa karani wa Alhaji mmoja, mzee aliyetokea Tanga, mwenye ofisi ya kutoa mizigo mpakani. Barua ya posa ilikuwa imepokewa kwao. Jumamosi alikuja dukani kunisahihishia makosa ya herufi, maana macho yake yalikuwa makali kuliko yangu, na hilo nalikubali.

Jumamosi moja aliweka kurasa mbili sambamba, ule wa Kiingereza na wangu.

"Sichone, hapa umekosea."

"Mimi? Wapi?"

"Huyu kijana amesema hapana. Wewe umemfanya adeke."

"Hiyo ndiyo fasihi, Tuse. Unatafsiri moyo, hutafsiri mdomo."

"Mimi nikiandika hivi kwenye fomu ya mzigo, lori linalala mpakani wiki nzima."

"Kwa hiyo mapenzi nayo ni mahindi?"

Hakucheka. Aliniangalia akasema, "Na mimi nikikuambia sitaki, huwa unatafsiri kipi?"

Nilimsogezea ukurasa unaofuata. Nilidhani anadeka.

Maana alikuwa ameshaniambia sitaki mara nyingi. Alisema, sitaki upige simu ofisini kila saa. Nikapiga, kwa sababu mkurugenzi wa kwenye katuni alipiga. Alisema, sitaki ushike simu yangu. Nikaishika, nikafuta namba za madereva, na kazi yake ilikuwa kuongea na madereva. Akinuna nilimnunulia viatu. Akivivaa nilijiambia, unaona, amefurahi. Sikumpiga hata siku moja, na kwa sababu hiyo nilijihesabu mwanaume bora Tunduma nzima.

Katika sura ya nane ya katuni niliyokuwa naitafsiri, mkurugenzi anakwenda kazini kwa mpenzi wake na kumwachisha kazi bila kumwambia. Mpenzi analia ukurasa mmoja. Ukurasa wa pili anamkumbatia. Nilitafsiri sura hiyo siku ya Jumatatu. Jumatano nilivaa koti nikaenda kwa Alhaji.

Nilimwambia kwamba Tusekile hatakuja tena kazini, anajiandaa kwa ndoa.

Alhaji aliweka kalamu chini. "Amekutuma mwenyewe?"

"Mimi ndiye mume wake mtarajiwa, mzee."

"Kijana wangu, sijauliza wewe nani. Nimeuliza, amekutuma?"

Nikasema, "Ndiyo." Nililisema mbele ya Mungu na mbele ya mzee wa watu mwenye ndevu nyeupe.

Siku hiyo Tusekile alikuwa kwenye matanga kule Mpemba, nje kidogo ya Tunduma. Ijumaa alipoingia ofisini alikuta msichana mwingine amekalia kiti chake, anaandika kwenye daftari lake. Alikuja dukani kwangu. Nilikuwa nimemnunulia keki. Nilingoja ukurasa wa kulia na ukurasa wa kukumbatia.

Hakulia. Aliuliza, "Ni wewe?" Nikasema ni mimi, kwa sababu nakupenda. Akavua vile viatu, akaviweka juu ya mashine ya kopi, akatoka na soksi mpaka kwa muuza kandambili wa jirani. Kufikia saa tisa alikuwa kwenye gari la Itumba, na namba yangu alikuwa ameshaifunga.

Nilikaa siku nne nikiona ni sehemu ya hadithi. Siku ya tano nilipanda gari nikamfuata. Nilijua cha kufanya, maana nilikuwa nimekitafsiri mara nyingi: unasimama nje ya nyumba ya mtu, mvua inakunyeshea, mwishowe anakuhurumia na kukufungulia. Na Itumba, ndugu zangu, mvua haihitaji kuombewa.

Nilibisha hodi mara tatu. Moshi ulikuwa unatoka jikoni na mtu alikuwa anaongea ndani. Hakuna aliyesema karibu. Nikasimama uani na koti langu. Saa ya kwanza ilipita, na ya pili. Majirani walianza kutoka barazani.

"Huyo ni fundi umeme?" aliuliza mama mmoja.

"Fundi gani bila ngazi. Huyo anangoja bodaboda."

"Bodaboda ndani ya ua?"

Hatimaye mlango ulifunguka kidogo. Tusekile alisimama pale, ameshika komeo.

"Sichone, sitaki kukuona. Nenda nyumbani."

"Tuse, najua moyo wako unachosema."

"Hujui. Nimekuambia mdomo unachosema."

Akaanza kufunga. Ndugu zangu, hapa ndipo penyewe. Niliweka mguu mlangoni. Sikufikiri. Kwenye katuni zote mlango unapofungwa kuna mguu, tena kiatu huchorwa kikubwa kikajaza picha. Alisukuma. Mguu ulikaa. Nikamwona usoni, na kwa mara ya kwanza nikaona kitu ambacho hakikuwa kudeka wala hasira. Alikuwa ananiogopa. Mimi, Sichone, niliyekuwa nikisema sijawahi kumpiga.

Mama yake akaja kutoka jikoni na mwiko mkononi. Ni mama mfupi, mpole. Hakunitukana. Aliangalia mguu wangu, akaniangalia mimi.

"Baba, umebisha hodi mara ngapi?"

"Tatu, mama."

"Ukakaribishwa?"

"Hapana."

"Kwenu Tunduma, mtu akibisha mara tatu asikaribishwe, anafanyaje?"

"Anaondoka, mama."

"Haya. Sasa wewe ni mgeni wa namna gani?"

Nilitafuta jibu. Nina diploma ya lugha, nilitafuta kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, kwa Kinamwanga, sikulipata. Kila mtoto wa nchi hii anajua sheria ya hodi kabla hajajua kuhesabu. Nyumba ya mtu, hata ya udongo, ina haki ya kukaa kimya nawe ukaenda zako. Mimi nilikuwa nimeinyima haki hiyo nafsi ya mtu niliyetaka kumwoa.

Nikautoa mguu. Mlango ukafungwa, taratibu, bila kubamizwa. Mama akanipa barua yangu ya posa kupitia dirishani, imefungwa kwenye nailoni isilowe.

Wengine hufunguliwa kwa kelele, wakianguka mbele ya madhabahu. Mimi nilifunguliwa nikitembea kuelekea stendi ya Itumba, nimelowa, bila mtu wa kuniwekea mikono. Niliomba maneno machache: Bwana, alisema hapana, na ilikuwa hapana. Nilirudia mpaka stendi. Kitu kilichokuwa kimenikaa kifuani, kile cha kuhitaji kushinda kila mtu, kikalegea. Kinarudi mara nyingine, siwadanganyi. Lakini sasa nakijua jina.

Kesho yake nilikwenda kwa Alhaji, nikasema mbele ya makarani wake kwamba nilimdanganya, Tusekile hakunituma. Alhaji akauliza,

"Huko Zambia walikufundisha lugha ngapi?"

"Tatu, mzee, ukihesabu na Kibemba."

"Na zote tatu ukazitumia kusema uongo mmoja."

Akanitaka niandike. Niliandika barua nikaisaini. Alimpigia simu Tusekile mwenyewe. Baada ya wiki tatu Tusekile alirudi kazini, na yule msichana mpya akapewa dawati lingine. Habari hizo nilizisikia kwa wengine, na ndivyo ilivyopaswa.

Kisha nikarudi kwenye katuni. Nilifungua sura ya kwanza, nikafuta kila "jamani, wewe nawe" na kuandika kilichokuwamo. Hapana. Niache. Usiniguse. Naogopa. Ilinichukua miezi miwili, sura thelathini na nne, na ninaweza kusema ndiyo tafsiri bora niliyowahi kufanya. Nilipoituma, kundi lilichafuka.

"Admin, huyu jamaa mbona kawa mbaya hivi?"

"Alikuwa hivyo tangu mwanzo," nilijibu. "Mbaya alikuwa mtafsiri."

"Rudisha ile ya zamani, hii inatisha."

Zaidi ya nusu waliondoka. Lakini dada mmoja aliniandikia pembeni: "Kaka, mchumba wangu ananifanyia hivi hivi. Nilidhani ni mimi sielewi mapenzi." Nilimwambia ukweli, kwamba mimi si wa kumpa ushauri, nami nilikuwa kama huyo mchumba wake. Nikamwelekeza kwa mama mchungaji. Walionana. Sikuuliza zaidi. Zile za mkurugenzi nimeziacha, na mkinikuta natafsiri, mtakuta ni zile nilizoziita zimepoa, ambamo mtu anauliza na kungoja.

Tusekile aliwahi kuingia dukani kwangu mara moja tangu siku ile. Mashine ya ofisini kwao ilikuwa imeharibika. Nilisimama, nikagonga goti kwenye meza.

"Nimekuja kutoa kopi tu," alisema.

"Sawa."

Nikamtolea. Aliangalia kurasa moja moja, kama kawaida yake, akanirudishia moja iliyofifia niitoe upya. Nikaitoa. Alipofika mlangoni alisema, "Nimesoma ile mpya. Sura ya tano kuna herufi umeruka." Akaenda. Sikumfuata barabarani. Sikumwandikia. Herufi nimeirekebisha.

Kuna mzee wa kanisa aliniambia huu si ushuhuda, kwa kuwa mke sikumpata. Nilimjibu kwa heshima kwamba mlango wa Itumba ulifungwa na watu wawili wakatoka salama, mmoja ndani na mmoja nje. Namshukuru Mungu kwa wote wawili. Namshukuru mama yule na mwiko wake. Namshukuru Alhaji, ambaye hasali nasi lakini aliniuliza swali moja la haki nami nikalikimbia.

Vijana, mnaonisoma nyuma ya kanisa mkidhani sioni, neno langu kwenu ni dogo. Mtegemee Mungu kiasi cha kutohitaji kumlazimisha mtu akupende. Wiki hii utaambiwa hapana, na mtu unayemtaka kweli. Usiitafsiri. Sema sawa, nenda zako, kisha Jumapili uje utuambie kama umekufa. Mimi sikufa.