Jerusha Aliyetoa Habari Zote

Baada ya miaka kumi na tisa kwenye meza ya mapokezi ya kliniki yetu ya meno hapa Sib, Oman, Bi. Jerusha Wanjiru anastaafu tarehe 30 Aprili na kurudi kwao Nyeri.

Alipokuja hakujua Kiarabu hata cha kuombea maji. Alijifunza kwa wagonjwa, ambao si walimu wazuri, maana nusu yao mdomo umekufa ganzi. Baada ya miezi minne alikuwa na maneno ya kutosha kumponza.

Desturi yetu Oman, ukishasalimiwa unaulizwa habari, na unajibu kuwa hakuna, ni kheri tupu, hata kama paa limeanguka asubuhi ile. Jerusha hakuambiwa. Mzee Musallam akaja, shavu limevimba kama andazi, akauliza habari. Jerusha, kwa furaha ya kulielewa swali, akampa zote: mashine ya kuchimbia meno mbovu tangu jana, daktari hakulala kwa kilio cha mwanawe, na mgonjwa aliyetangulia kelele zake zilifika duka la halua. Mzee akashika shavu, akaondoka. Kesho yake akarudi. "Haya," akasema, "nipe zilizobaki."

Kila mfanyakazi mpya husimuliwa kisa hiki na Jerusha mwenyewe, na mchana huohuo huthubutu kusema Kiarabu. Mwezi uliopita, Jerusha akiwa likizo, mimi ndiye niliyemsimulia Carol, atakayeshika nafasi yake. Nikamtetea: alikuwa mgeni, ana akili sana, mashine kweli ilikuwa mbovu. Carol akaitikia kwa adabu. Hakucheka, na siku nzima hakujaribu hata neno moja la Kiarabu.

Jerusha aliporudi alinicheka. "Dada Zakiya, umenisitiri mno! Niache nikiwa mjinga. Anayeogopa kukosea anatafuta mwenzake aliyekosea."

Mume wangu, Taimur, alipofariki mwaka juzi, kila aliyeniuliza habari nilimjibu kheri. Jerusha aliuliza, akavuta kiti, akangoja. Nilimpa zote, mpaka soksi za marehemu zilizobaki kwenye kamba.

Juzi nilimsimulia Carol upya, nikamwacha Jerusha mjinga kamili. Carol alicheka hadi akashika meza. Saa nne akamuuliza mgonjwa habari, kwa Kiarabu. Mgonjwa, machozi yakimtoka, akajibu kheri tupu.

Ahsante, Jerusha. Kisa chako kinabaki kliniki. Tunakutakia maisha mema na meno mazima. Tutakupigia simu Nyeri kukuuliza habari, na ole wako ukisema nzuri.