Kinachokula Batri ya Sitoki

Kijiwe cha avenue ya kumi na tisa, kule Buyenzi, kilikuwa ubao mmoja tu juu ya rimu mbili za lori, umeegemea ukuta wa duka lililofungwa tangu Bwiza, mtaa wa jirani, iungue. Mwenye duka alikimbia, ubao akauacha, na wazee wa mtaa wakaukalia kana kwamba wamerithishwa. Mwaka huo wa tisini na tano masoda, askari wa jeshi, walikataza watu kukusanyika, redio ilikataza, wake zao nyumbani walikataza. Kwa hiyo walikuja wote, kila siku baada ya Asri, kunywa kahawa ya tangawizi ya Mwanvua. Sheria yao ilikuwa moja. Mtu akitaja Uvira, kule ng'ambo ya mpaka walikokimbilia majirani, anasimama na kumaliza kahawa yake akiwa wima. Sheria hiyo aliitunga Hamimu, shofa wa teksi, ambaye siku moja aliwaambia masoda macho kwa macho: "Mi nimezaliwa hapa, sitoki!" Tangu siku hiyo jina lake likawa Sitoki, na alilipenda kuliko lile alilopewa na baba yake.

Siku ya kisa hiki Pijo yake ya mazutu, yaani dizeli, kikongwe kilichoiona Bujumbura kabla ya vita, ilisimama mbele ya ubao, kapo wazi, injini nje. Asubuhi nne mfululizo batri ilikuwa imekufa, na asubuhi nne watu wanane wa mtaa waliisukuma hadi ikakohoa, ikawaka. Leo soda mmoja wa bariera, kizuizi cha mwisho wa avenue, akawaambia: "Kesho nikiona tena watu wanane nyuma ya gari, hiyo kwangu ni mkutano." Na mkutano, wakati ule, ulikuwa na majibu yake. Basi ugonjwa ulitakiwa upatikane leo hii, kabla ya saa za kuvrefe, watu wajifungie ndani.

Sitoki alitaka gari ipone. Alichomwomba Mungu ni kimoja: ugonjwa uwe mbele, usiwe nyuma.

Nyuma kulikuwa na kofre, buti la mizigo, na kofre ilifungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, mfuniko umenyanyuka vidole viwili. Aliwaambia watu kufuli imekufa. Uongo! Kufuli ilikuwa nzima. Ndani mlikuwa na godoro lake na mkewe Fatouma, limekunjwa likakandamizwa kwa magoti, na masufuria, na nguo, na jerikani ya mazutu. Alivipakia usiku ule Bwiza inaungua, peke yake. Wiki tatu sasa mume na mke wanalala kwenye mkeka. Kijiwe kikijua, huyo anayeitwa Sitoki uso wake ataupeleka wapi?

— Ni ziwa, alianza Pierre, muuza ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, ambaye naye walimwita Ndagala. Usiku unyevu unapanda, unalamba batri polepole. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Mezali hiyo inaingia wapi hapa? akauliza Mwanvua, birika mkononi.

— Inaingia tu. Mezali ni mezali.

— Apana, si ziwa, alisema Melchior.

Huyu alikuwa karani wa posta, mwenye redio tano na habari kumi, jina lake la kijiweni Komunike.

— Sikilizeni mi niwaambie. Kuna antena juu ya kilima cha Gihosha. Usiku inavuta moto wa batri zote za muji. Hata batri za redio yangu zilikufa juzi.

— Zimekufa kwa kazi, maskini, Mwanvua akasema. Redio yako hailali.

— Komunike iko na akili! Sitoki akadakia. Franchement, mi nilihisi. Ni antena kabisa!

Juma lililopita alikuwa amemwita Komunike punda. Komunike mwenyewe akamtazama mara mbili.

Aliyekuwa hasemi ni Tajudini, fundi wa umeme wa magari, aliyeinama ndani ya kapo. Alikuwa amefungua waya wa hasi kwenye batri, na kati ya waya na batri akaunganisha balbu ndogo ya pikipiki.

— Gari imezimwa, alisema. Funguo iko mufukoni mwa mwenyewe. Balbu hii haitakiwi kuwaka.

Balbu iliwaka.

— Basi kuna kitu ndani inakula. Sasa natoa fizibo mojamoja. Ile nitatoa balbu ikazimika, mwizi iko kwa njia ile.

Ndagala akatikisa kichwa, kwa maana yeye ukweli rahisi haukuwahi kumridhisha.

— Mwizi mi namujua. Gari hii ilikuwa ya nani zamani? Ya yule Mugiriki wa vitambaa. Na Mugiriki alikufa ghafla, kaseti iko ndani ya redio, hajaimaliza. Usiku anarudi anasikiliza.

— Astaghfirullah! akasema Mwanvua.

— Ni kweli, Ndagala! Sitoki akapaza sauti. Wallahi mi nimemusikia! Saa nane ya usiku, mandolini!

— Ulimusikia ukanyamaza?

— Heri kujikwaa dole kuliko ulimi.

Hata Ndagala hakuona mezali hiyo imeingilia wapi, lakini aliisifu.

Tajudini alitoa fizibo ya kwanza, fyuzi ndogo. Balbu inawaka. Ya pili, inawaka. Ya tatu. Alipotoa ya nne, balbu ikazimika.

— Hii ni ya taa za ndani, alisema fundi. Ya juu ya dari, ya kisanduku cha mbele, na ya kofre.

Akatoa balbu ya dari, akarudisha fizibo: kile kibalbu cha pikipiki kikawaka vilevile. Akatoa ya kisanduku: kikawaka.

— Fizibo iache nje, basi! Sitoki akasema upesi. Imekwisha, asante, Mungu akubariki. Mwanvua, mupe fundi kahawa.

— Fizibo hii inabeba na taa za breki. Ufike kwa bariera jioni, ukanyage breki, nyuma giza, soda aseme unakimbia? Apana. Fungua kofre.

— Kofre haina taa.

— Iko nayo. Mufuniko ukifunga vizuri, taa inazimika. Wako haufungi, taa inakesha. Ni kitaa kidogo, lakini batri imezeeka, imevumilia hadi ikachoka, na kuvrefe ni ndefu.

— Kufuli imekufa, Tajudini.

— Kufuli imekufa, lakini mupira unafunguka.

Sitoki akatazama huku na huku. Mugiriki hakuja kumsaidia, wala antena. Akavuta mpira.

Mfuniko ulipanda wenyewe. Godoro likafumuka kama unga uliotiwa hamira, sufuria moja ikaanguka barabarani, ikazunguka, ikalala. Kule ndani, nyuma ya nguo za Fatouma, kitaa cha manjano kilikuwa kinawaka.

Ubao mzima ukainuka kutazama. Komunike ndiye aliyeanza, polepole.

— Wiki tatu unanisimamisha mi wima. Kwa kutaja tu.

— Na ndugu yangu, akasema Ndagala, na sauti yake haikuwa ya mchezo. Alipoondoka ulimwita mwoga, hapahapa. Mi nikacheka pamoja na we. Ndugu yangu wa tumbo moja, nikacheka!

Aibu ilimchoma Sitoki, halafu ikageuka hasira, maana hakuwa na mahali pengine pa kuipeleka.

— Mi iko na mke! Iko na mama hawezi kutembea! Ule moshi muliuona ao hamukuuona? Niliogopa! Haya, nimesema. Niliogopa, na leo naogopa, na kila siku nakuja kukaa hapa. Mutu haogopi anyooshe mukono, nimuone!

Hakuna aliyenyoosha. Mwanvua aliishika birika kwa mikono miwili.

Mlangoni kwa Mwanvua, kando ya ubao, alikuwa amesimama mwanamke ambaye kijiwe kilikuwa hakijamzoea. Epiphanie, amekimbia vita Mutakura, kaskazini mwa mji, siku tatu zilizopita na mtoto mgongoni na sufuria moja, Mwanvua akampa chumba. Alitazama gari iliyopakiwa, akawatazama watu waliosimama kuizunguka, akaelewa kama mgeni anavyoelewa.

— Samahani, baba, alimwambia Sitoki. Gari hii inaingia watu wangapi?

Swali dogo. Kila mtu akaanza kuhesabu kimoyomoyo. Kwa Sitoki watano. Kwa Ndagala saba. Kwa Komunike sita na mkwe wake. Tajudini, Mwanvua na binti yake mwenye mimba, na sasa huyu na mtoto. Komunike, mwenye redio tano, akapoteza hesabu, akaanza tena.

— Nauliza tu, akasema Epiphanie. Kwetu pia ilikuwa gari moja, wengine tukabaki.



Sitoki akaigeukia gari. Kisha akaingiza mikono ndani ya kofre, akalikumbatia godoro na kulivuta.

— Shika huko, alimwambia Ndagala.

Ndagala hakusogea. Sitoki akavuta peke yake, godoro likakwama, akavuta tena, akatukana. Mara ya tatu Ndagala akasonya, akaweka kikombe chini, akashika.

Masufuria yakatoka, nguo zikatoka. Jerikani Mwanvua akasema ibaki, binti yake atahitaji safari moja ya hospitali wiki hii. Sitoki akausukuma mfuniko kwa kiganja, ukafunga vizuri. Mbele kule Tajudini akachungulia balbu yake.

— Imezimika, akasema, akaanza kurudisha waya wa batri.

Fatouma alitokea kwa kelele, kanga moja kichwani.

— Hamimu! Godoro yangu inafanya nini barabarani, masoda wanaangalia?

Kweli, kule bariera masoda wawili walikuwa wamesimama, wanatazama upande huu. Sitoki aliliinua godoro, akalitia kichwani, akapita nalo katikati ya avenue, polepole, mtaa mzima unamwona.

— Fatouma, tandika kitanda! alipiga kelele, na aliipiga kusudi, ili hata kule bariera wasikie kwamba analala kwake.