Mzee Bado Astaafu Baada ya Sungura Kwenda Haja

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kuwalaza wanyama wa utafiti na, kazi ngumu zaidi, kuwaamsha, mtaalamu wetu wa nusukaputi amestaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 Juni. Ratiba ilisema saa nane kamili mchana. Alistaafu saa kumi na dakika ishirini, na jarida hili limechelewa kwa sababu hiyohiyo.

Jina lake la kwenye faili wachache wanalikumbuka. Sisi tunamwita Mzee Bado, maana ndilo jibu alilompa kila mpasuaji aliyeshika kisu na kuuliza kama mnyama ameshalala. Anabana kidole cha mguu wa mnyama, anatazama, anabana tena. Mguu ukivutwa hata kidogo, bado. Daktari bingwa mmoja, mgeni, mwenye ndege ya kuwahi, alikuja juu akasema nguruwe yule amelala fofofo kuliko walinzi wetu. Mzee Bado alichukua kasha la visu, akaliweka kwenye kiti, akalikalia. Mara nguruwe akavuta mguu. Daktari alikosa ndege, nguruwe hakusikia maumivu, na Mzee akapata barua ya onyo, ambayo ameibandika ukutani kando ya vyeti vyake.

Kazi ilimwingia mwilini. Vikaoni alikuwa akihesabu pumzi za wajumbe. Ofisa mipango aliposinzia siku moja, alizinduka kiatu kimevuliwa na kidole gumba kinabanwa. Mzee Bado akawatangazia wajumbe kwamba usingizi huo ni mwepesi, kikao kiendelee.

Lakini ni yeye pia aliyetufundisha kuwapaka wanyama mafuta ya macho, kwa kuwa chini ya nusukaputi hulala macho wazi yakakauka, na kuwawekea panya mkeka wa joto, kwa kuwa mwili mdogo hupoa upesi. Zamani panya wengi hawakuamka. Mwaka jana hatukumpoteza hata mmoja, na kwa hilo hatuna utani.

Aliyeumia zaidi na kazi hii ni mkewe, mwalimu wa chekechea. Mzee hakutoka chumba cha uangalizi hata siku moja kabla mgonjwa wake hajawa sawasawa, na kwa sungura kuamka tu hakutoshi. Dawa huulaza na utumbo, na utumbo usipoamka, tumbo hujaa gesi na sungura hufa huku macho kodo. Kwa hiyo sharti ale, kisha aende haja. Mama huyu amekula peke yake miaka yote hiyo, mumewe akisubiri kinyesi. Safari hii alimwambia peupe kwamba akimchelewesha hata siku ya kustaafu, akahamie huko huko bandani.

Ijumaa asubuhi kulikuwa na sungura mmoja mweupe, amefanyiwa upasuaji wa goti. Aliamka salama saa tano. Kufika saa nane ukumbi umejaa, keki iko mezani, mkurugenzi ameshakohoa mara tatu, Mama yuko mstari wa mbele na gauni jipya, na kiti cha pembeni yake kitupu. Sungura hajagusa hata jani.

Alitumwa dereva akamwite, hakurudi. Nikatumwa mimi, msaidizi wake wa miaka tisa, nikamkuta dereva amechuchumaa na kicha cha majani ya karoti. Mzee alikuwa sakafuni na suti yake, anamsugua sungura tumbo kwa vidole viwili. Alikuwa na hofu na wala hakuificha. Alisema waliomfia anawakumbuka mmoja mmoja, na hataki huyu wa mwisho aungane nao. Nikakaa sakafuni kando yake.

Saa tisa sherehe ikamfuata. Mle ndani kelele ni marufuku, basi mkurugenzi alisoma hotuba nzima kwa kunong'ona, nasi tukapiga makofi kwa kidole kimoja. Keki ilibaki nje kwa sababu za usafi, chini ya ulinzi wa dereva, ndiyo maana wengi wetu hatujui ilikuwa na ladha gani. Mama aliingia wa mwisho, uso umemvimba kwa hasira. Tukajibanza ukutani. Alimtazama mumewe, akamtazama sungura, akakunja gauni lake jipya, akaketi sakafuni na kunyoosha mkono apewe jani. Sungura akalinusa, akalitafuna.

Tukangoja, mkurugenzi kapiga magoti. Mama ndiye aliyeviona kwanza, na ukelele wake ulivunja kanuni zote za chumba kile: vidonge vinne, vya duara, vikavu, safi kabisa! Mzee Bado aliandika saa kwenye fomu, akasaini, akajaribu kusema asante, akalia. Mkewe akampangusa machozi kwa chachi ya upasuaji.

Walitoka getini wameshikana mikono, jua likiwaka, na mlinzi akawasimamisha aone vitambulisho, maana hajawahi kumwona Mzee akienda nyumbani mchana.

Mzee wetu, kwa niaba ya wote waliolala mikononi mwako wasisikie kitu, asante sana. Mama, uliyemngoja, mchukue, sasa ni wako. Tunawatakieni maisha mema na marefu.