Kaleli Nzioka Anawaaga Ndege wa Ruiru

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi, Bwana Kaleli Nzioka anastaafu tarehe 30 Juni 1958. Wengi wetu tumemjua kwa mbali tu: koti jeupe nyuma ya seng'enge, kwenye vizimba vya ndege wa mwitu hapa Ruiru.

Alianza kwa kufyeka nyasi. Baadaye akafundishwa kupima kinyesi cha kasuku, korongo na kanga waliosubiri kusafirishwa ng'ambo, akitafuta vijidudu vinavyoweza kumwambukiza binadamu. Korongo mmoja alimchukia bure, kila asubuhi akimvua kofia. Kaleli akanunua nyingine. Korongo akaivua hiyo pia.

Mwaka 1954 wenzetu wawili waliugua homa na kuhara vibaya. Kaleli alivipata vijidudu vilivyowaambukiza kwenye kizimba cha kanga. Kisha sisi sote tukapimwa, na yeye, ingawa hakuwa ameumwa hata kidogo, akakutwa navyo tumboni. Daktari alimruhusu aendelee kulala nyumbani Thika, mradi anawe mikono vizuri. Alikataa.

"Kuna mtoto mchanga nyumbani," alisema. "Nitakaa hapa mpaka viishe."

Alikaa katika chumba cha nyuma ya vizimba karibu mwaka mzima, akijipikia na kula peke yake. Sisi tulimsalimia tukipita, wala hatukusimama. Tuliogopa. Kila Jumapili mkewe, Mbithe, alikuja kwa basi akiwa amembeba Ngina, mtoto wa binti yao Ndila, akaketi nje ya seng'enge. Siku moja mtoto alipenyeza mkono ili amshike. Kaleli akarudi nyuma.

"Anakutaka, Baba Ndila," Mbithe alimwambia taratibu.

Kaleli aliingia ndani, akafunga mlango.

Vipimo vilipokuwa safi alirudi nyumbani, na Ngina akalia kumwona, kama anavyomlilia mgeni. Ilichukua miezi kabla mtoto hajakubali kupakatwa.

Tangu mwaka ule hakuna mfanyakazi mwingine aliyeambukizwa na ndege wetu. Hiyo ni kazi ya Kaleli. Lakini hadi leo, saa ya chakula, huchukua sahani yake akaenda kukaa kando, na hakuna kati yetu aliyewahi kumwita.

Bwana Kaleli, asante kwa miaka yote hiyo. Siku ya kukuaga tutaandaa meza moja tu, na kiti chako kitakuwa katikati. Tunakutakia maisha mema huko Thika, pamoja na watu wako.