Kadhi wa Banda la Kuku

Katika pembe moja ya Mahabibo, mjini Mahajanga, mtaa unapokunja kuelekea sokoni, palikuwa na benchi lenye miguu mitatu na jiwe. Jiwe ndilo lililoshinda miguu yote kwa uimara. Bendera mpya ya nchi ilikuwa ndiyo kwanza imetimiza miaka miwili, lakini benchi lile lilikuwa limezika madiwani wa zamani na misumari yao. Kila asubuhi Bi Koulsoum alitua hapo jiko lake la makaa, birika la kahawa na sinia la mokari, vile vitumbua vya mchele ambavyo mji mzima huamkia. Wazee wa benchi walibishana kwa Kisakalava, wakaapa kwa Kikomori, wakatukana kwa Kifaransa, na Kiswahili cha mababu wakakitunzia dua na bei. Hapa maneno yao yote yamemiminwa katika kikombe kimoja, kila mtu anywe.

Wenye benchi walikuwa watatu. Mroivili waliitwa Baharia Mkavu, kwa sababu alisafiri baharini mara moja tu, hadi Moroni, akatapika kwenda na akatapika kurudi. Athoumani alikuwa Waziri: tangu siku ya uhuru alivaa koti kila asubuhi, serikali isije ikamwita ikamkuta na shati. Wa tatu, Daoud, alikuwa Nusu. Hakuwahi kuomba kikombe kizima, na hakuna aliyemshinda kwa kunywa.

Asubuhi hiyo Bi Koulsoum alimimina kahawa ikafurika kwenye kisahani, naye wala hakuona. Mawazo yake yalikuwa nyumbani, kwenye banda la kuku, kwa kobe wake.

Nyumba za Wakomori wa Mahajanga zilikuwa na desturi hiyo tangu hapo kale: banda la kuku bila kobe ni mlango bila komeo. Kobe mkubwa wa rangi ya asali, mwenye ncha iliyochomoza chini ya kidevu kama jembe, aliletwa kwa mashua kutoka vichaka vya Soalala, akawekwa katikati ya kuku ili kideri, tauni ya kuku, kisiingie. Wa Bi Koulsoum aliitwa Kadhi. Kuku wakigombana, yeye hukaa kati yao, akawasikiliza wote, asitoe hukumu.

Na kuku wenyewe hawakuwa kuku wa kitoweo cha kila siku. Walikuwa kuku wa harusi ya Echata, binti yake wa pekee. Bi Koulsoum alikuwa ameahirisha harusi hiyo mara kadhaa, akingoja kundi liongezeke mpaka mtaa wote ushibe, wasemaji wakose la kusema. Kideri kikiingia sasa, hakuna karamu.

Sasa jana yake alikuwa amepita kijana Boinali, anayefanya kazi na watu wa misitu, akibisha hodi nyumba hadi nyumba. Aliyekuwa na kobe na akaridhika, alimwomba amtoe arudishwe porini. Hakumlazimisha mtu. Alisema tu, "Mama, kule kwao wamekwisha. Mtu anatembea msimu mzima asione hata mmoja." Mashua ya Soalala ilikuwa inaondoka leo, maji yakijaa. Maneno yale yalikuwa yamemkaa Bi Koulsoum kooni kama mwiba wa samaki.

— Usimtoe, alisema Baharia Mkavu. Mwenda pole hajikwai!

— Methali hiyo inahusu nini hapa? aliuliza Waziri.

— Inahusu kobe. Wewe umewahi kumwona amejikwaa?

— Tulieni, nieleze kitaalamu, alisema Nusu akinyoosha kikombe. Mkwe, nitilie nusu kwanza.

Alimwita mkwe kwa haki yake. Elarif, mchumba wa Echata, alikuwa mpwa wake wa damu, na ni Nusu aliyetumwa kila mwezi kuuliza harusi lini.

— Kobe, alisema Nusu, hunyonya ugonjwa kama kitambaa kinavyonyonya maji. Mmeona gamba lake lilivyogawanyika? Vile ni vyumba. Kideri kinakaa chumba hiki, ndui ya kuku chumba kile, na kikohozi cha jogoo kiko uani.

— Na upele?

— Upele uko chini ya mkia. Ndiyo maana hapendi kuguswa hapo.

— Nyinyi mnaona gamba, alisema Waziri akivuta kola ya koti. Mimi naona siasa. Huyo kijana anasema Soalala, nanyi mnasema amina. Soalala wapi! Kobe hawa wanakwenda Tananarivu. Mawaziri wamepewa nyumba kubwa. Nyumba zina mabanda, mabanda yana kuku, na kuku hawana kobe. Malizieni wenyewe.

— Kwa hiyo ungekuwa waziri ungemchukua Kadhi wa watu?

— Siku hiyo hiyo. Mficha uchi hazai!

— Astaghfirullah! Mbele ya mama wa bibi harusi?

— Nimesema methali tu, Bi Koulsoum, unisamehe.

Bi Koulsoum akacheka bila kutaka. Ndivyo benchi lile lilivyokuwa: unakuja na mwiba kooni, wanakuchekesha mpaka unaukohoa.

— Wote hamjui, alisema Baharia Mkavu, na akasimama, jambo ambalo benchi lilimshukuru. Nisikilizeni. Kideri kina adabu. Ni ugonjwa wa zamani, umelelewa vizuri. Kikiingia uani hakiwezi kumgusa mtu kabla ya kumsalimu aliye mkubwa kuliko wote. Sasa uani kwa Bi Koulsoum mkubwa ni nani?

— Kadhi, walijibu.

— Kadhi! Basi kideri kinasimama mbele yake, kinasema, "Shikamoo." Kadhi anafumbua jicho moja. Anafumba. Anatoa kichwa, anarudisha. Kideri kimeshika adabu, kinangoja marahaba. Jua linapanda, jua linashuka, marahaba haijaja. Mwishowe kideri kinasema, "Potelea mbali," kinaruka ukuta kinakwenda kwa jirani, ambako mkubwa ni bata, na bata hujibu upesi.

Nusu alicheka mpaka nusu ya kahawa yake ikamwagika, akaomba nusu nyingine kufidia.

Hapo ndipo Boinali alipotokea, akitembea kando ya pusipusi, gari la kuvutwa na mtu. Ndani yake hamkuwa na abiria bali majani makavu na kobe mmoja tu. Alikuwa amezunguka tangu alfajiri. Akasalimu, akapewa nafasi upande wa jiwe.

— Mwanangu, alisema Waziri, sema kweli. Ni wa waziri gani?

— Waziri gani tena, mjomba?

— Mwacheni, alisema Bi Koulsoum. Boinali, nikimtoa Kadhi, kuku wangu je?

Kijana akazungusha kofia yake mikononi.

— Mama, siwezi kukudanganya. Kideri kinakuja kinapotaka. Lakini mwaka juzi kiliua kuku wote wa mjomba Mroivili, na kobe wake alikuwa yupo.

— Alikuwa amelala! alifoka Baharia Mkavu.

— Na wa jirani yako?

— Alikuwa anamtazama wangu akilala!

— Na kwa nini huko kwao wamekwisha? aliuliza Bi Koulsoum, maana yeye hakuwa katika hali ya mchezo.

— Moto, mama. Watu huchoma vichaka ili majani mapya yaote kwa ajili ya ng'ombe. Kisha nguruwe mwitu hufukua mayai. Na kisha sisi. Kila mashua ya Kikomori iliyopita Soalala ilibeba wawili, watatu, kwa ajili ya mabanda. Babu yangu mwenyewe alibeba. Sasa watu wa kule wamelima ukanda mtupu kuzunguka vichaka vya mianzi, moto ukifika ukose cha kula. Wakiona shimo la mayai wanalizungushia miti. Pori liko tayari, mama. Wenye pori ndio hawapo.

— Basi njoo baada ya harusi, alisema Bi Koulsoum. Kuku wakishaliwa, Kadhi wako.

— Mashua hairudi mpaka mvua ziishe. Nao kobe hutafutana mvua zinapoanza. Tukikosa hii, tumekosa mwaka.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Nusu.

— Huyu ni kobe, mjomba. Haraka ataitoa wapi?

Bi Koulsoum alikoroga makaa ambayo hayakuhitaji kukorogwa. Upande mmoja Echata na karamu, upande wa pili mnyama asiyeomba chochote ila maganda ya papai. Alitaka mtu amwambie la kufanya, na watu aliokuwa nao walikuwa hawa watatu.

Wakati huo mwanamke mmoja alisimama karibu, kapu kichwani, vumbi miguuni. Alisema anaitwa Ramlati, anatoka Boanamary kwa dadaye, naye anasafiri kwa mashua hiyo hiyo ya Soalala kurudi kwake. Aliomba kahawa. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu za pwani, hakuanza kunywa kabla ya kumaliza salamu.

— Habari za nyumbani, dada?

— Njema.

— Za watoto?

— Binti yangu hajambo, anaolewa.

— Mashallah. Za kuku?

— Wapo, wananenepa.

— Na huyo mzee kwenye gari ni wa kwenu?

— Huyo wa watu. Wangu yuko bandani. Hajambo, yuko na kuku wake.

— Alhamdulillahi. Na watoto wake?

— Watoto wa nani?

— Wa kobe. Hawajambo?

Bi Koulsoum alifungua mdomo ajibu "hawajambo", kama ulimi ulivyozoea, jibu likakataa kutoka.

Akamtazama Baharia Mkavu. Baharia akamtazama Waziri. Waziri akatazama koti lake, labda jibu limo mfukoni.

— Mroivili, wako amewahi kuzaa?

— Wangu dume. Nadhani.

— Wako, Athoumani?

— Wangu... hatujawahi kujuana kiasi hicho.

— Kuna mtu yeyote Mahabibo, aliuliza Bi Koulsoum polepole, aliyewahi kuona mtoto wa kobe? Hata mmoja? Hata kwa bibi yake?

Watu waliokuwa na nadharia ya kideri chenye adabu wakatikisa vichwa. Kila ua lilikuwa na kobe wake, na kila kobe alikuwa peke yake na kuku, maisha yote, kama mtu aliyealikwa harusini akasahauliwa ukumbini wageni walipoondoka.

Ramlati akashika kikombe kwa wasiwasi.

— Nimekosea salamu?

— Hukukosea, dada, alisema Bi Koulsoum. Kunywa.

Akafuta mikono kwenye kanga yake, akamgeukia Nusu.

— Mkwe. Umekuwa ukiniuliza harusi lini.

— Kila mwezi, mkwe. Elarif amekonda. Amebaki masikio.

— Ijumaa.

— Ijumaa ya mwezi gani?

— Ijumaa hii. Kuku watakaotosha watatosha, watakaopungua tutaongeza wali. Kideri kikija Jumamosi kitakuta mifupa.

Nusu aliinuka, akakaa, akainuka tena.

— Ijumaa hii? Joho halijashonwa! Shangazi zake wako Nosy Be! Mkwe, mtu haamki tu akaoa!

— Si kila mwezi mlikuwa mnanipigia kelele?

— Tulikuwa tunaomba! Hatukujua kwamba utakubali!

Waziri alipiga makofi, Baharia akapiga vigelegele vya kike vilivyomtoka vizuri kuliko ilivyotarajiwa, na Nusu, kwa mara ya kwanza tangu benchi lile liwe na miguu minne, akasema:

— Nitilie kikombe kizima.

Bi Koulsoum akainamisha birika. Likatoa tone moja, na la pili likasitasita mdomoni.

— Kahawa imekwisha, alisema. Nendeni mkalete kobe zenu.

Wakaenda. Waziri alirudi na kobe wake kamfunika koti, na hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza mtaa kuona shati lake. Baharia Mkavu alirudi na wake mikononi, akimnong'oneza maonyo kuhusu kichefuchefu cha baharini. Wengine waliposikia, nao wakaleta, mpaka ikabidi pusipusi ya pili iitwe. Bi Koulsoum alimleta Kadhi mwenyewe, kamlaza mkononi kama mtoto mzito, Echata akitembea nyuma na ganda la papai la njiani.

Akamtua juu ya majani makavu. Kadhi alifumbua jicho moja. Mbele yake alikuwa kobe wa Mroivili, yule aliyelala mwaka juzi. Kadhi akafumbua jicho la pili. Kisha yeye, ambaye hakuwahi kutoa hukumu, akainamisha shingo, akaingiza jembe lake chini ya gamba la mwenzake, akasukuma kwa nguvu zote za umri wake. Kobe wa Mroivili akasukuma vilevile. Gari zima likatikisika.

— Anampiga wangu! alipiga kelele Baharia Mkavu.

— Ndivyo madume wanavyofanya, alisema Boinali, na uso wake ukang'aa kama wa bwana harusi. Wangekuwa hawataki kitu, wasingepigana.

— Basi wangu ndiye jike! alisema Waziri kwa fahari. Nilisema mimi, ni siasa. Wanagombea kiti changu!

Mtaa mzima ulisindikiza pusipusi mbili hadi bandarini kwa kucheka. Ramlati alipopanda mashua, Bi Koulsoum alimwekea kapuni mokari za mwisho na maganda ya papai, akamwambia ni za abiria wote.

Ijumaa Echata aliolewa. Wali uliongezwa, kuku walitosha, na joho la Elarif lilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.

Tangu hapo salamu za benchi lile zina mkia. Anayefika huulizwa habari za nyumbani, za watoto, za kuku. Kisha yeye naye hugeuka kwa mama wa birika, kwa sababu bila hilo kahawa haimiminwi:

— Na watoto wa Kadhi?

Bi Koulsoum hutazama upande wa Soalala, anatabasamu, anajaza kikombe.

— Tunawangojea, anasema. Wanatoka kwa baba asiye na haraka.